Jicho la Tafi: siku sita kwenda Amu kuuangalia ukuta tuliouchora

Mwaka 2017 tulikuwa watu 11, wanane wa Amu, yaani Lamu, na watatu tuliotoka Mombasa. Tulichora ukuta mmoja mtaa wa Langoni kwa siku mbili na nusu. Tulichora samaki, tafi, mwenye urefu wa mita nne, kinywa wazi, na moshi wa dohani ukimwingia kooni. Chini yake tuliandika: BAHARI NDIYO SHAMBA LETU. MAKAA HATUTAKI. Wakati ule kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, megawati 1,050, upande wa bara, na mji mzima ulikuwa ukizungumza habari hiyo moja.

Desemba 2025 mwashi mmoja rafiki yangu alinipigia simu. Mama mwenye nyumba anataka kuibomoa plasta yote mwezi wa Januari. "Kama wataka kumuona samaki wako, njoo." Nikaenda. Haya nimeyapanga baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Jumatano 14 Januari: Mombasa, Gede, Malindi

Sikutaka kufika Amu na kichwa kitupu, kwa hiyo asubuhi nilianzia Fort Jesus. Mimi huchora mabango ya maduka na ubavu wa matatu, na nimekaa mjini humu umri wangu wote, lakini nilikuwa sijawahi kusimama vizuri mbele ya ule ukuta wa wanajeshi wa Kireno. Walichora meli kwa mkaa na udongo mwekundu, nyingine juu ya nyingine, bila mpangilio. Yaelekea hawakutumwa na mtu, walikuwa mbali na kwao wakangoja zamu iishe. Leo michoro ile inalindwa na watu wanailipia kuitazama. Nilikaa pale nusu saa. Mkono wa aliyechora mlingoti mmoja ulitetemeka na akaurudia mara mbili, hata mimi huwa nafanya hivyo.

Matatu ya Malindi niliipanda barabara ya Abdel Nasser, shilingi 450. Njiani, kabla ya Kilifi, nilikuwa nikitafuta kuta ninazozikumbuka. Kati ya 2010 na 2012 maneno "Pwani si Kenya", ya waliotaka pwani ijitenge, yaliandikwa kwa rangi ya kupuliza kwenye kuta, madaraja na vituo vya basi vya pwani hii. Sikuyaunga mkono wakati ule na sasa pia siyaungi. Lakini yaliandikwa na watu waliokuwa na dai la ardhi, mahakama ikaliondolea kundi lao marufuku mwaka 2012, na mjadala ulifika hadi bungeni. Nimetazama dirishani mpaka Gede sikuliona hata neno moja. Kwingine kumepakwa rangi ya kampuni ya simu, kwingine ukuta wenyewe haupo.

Nilishuka Gede, bodaboda hadi magofuni shilingi 50. Magofu haya, Gedi, yameingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024 na kuna watu zaidi ya nilivyokumbuka. Nilichokifuata ni Nyumba ya Jahazi, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya mchoro wa chombo uliokwaruzwa kwenye chokaa ya ukuta wake. Mtu alishika kitu chenye ncha, akakwaruza tanga. Mji ukahamwa, msitu ukaingia, na mkwaruzo ule ndio ulioipa nyumba jina.

Kwa atakayepita: kiingilio lipa kwa simu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla hujafika mlangoni, maana mtandao pale hupotea. Nami nilitembea hadi barabarani kuutafuta.

Malindi nililala chumba cha shilingi 1,500 karibu na soko la zamani, chenye feni inayofanya kazi. Jioni nilikula samaki wa kupaka kwa wali wa nazi, 350. Kabla ya giza nilipita nje ya mahakama. Hapa Malindi ndipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilipokataa, Oktoba 2025, rufaa ya kampuni iliyotaka kujenga mtambo. Leseni yao ilikuwa imefutwa tangu Juni 2019 na mahakama maalum ya mazingira, iliyosema wananchi hawakushirikishwa inavyopasa. Kwa hiyo tumeshinda, na mara mbili. Nilisimama nje ya lile lango nikajiuliza kama ukuta uliokwisha kushinda bado una kazi mtaani.

Alhamisi 15 Januari: Malindi hadi Amu

Basi liliondoka saa kumi na mbili na robo asubuhi, shilingi 1,200 hadi Mokowe. Usisahau kitambulisho. Tulishushwa kukaguliwa mara tatu, na kijana mmoja aliyekuja na picha ya kitambulisho kwenye simu alibakishwa kwenye kizuizi cha barabarani mpaka kondakta alipomuombea. Minjila tulisimama saa nzima na dakika ishirini tukingoja msafara wa polisi. Hapo ndipo utakapokula: maembe, mayai ya kuchemsha, kambare wa mto Tana waliokaushwa. Mama aliyekaa kando yangu alifungua kikapu akanipa mahamri matatu na mbaazi kwenye kifuniko cha bakuli, bila kuniuliza jina. Nilipotaka kununua maembe nimrudishie, aliyakataa. "Ukifika kwako, mpe mwingine."

Nyuma yetu alikaa mwanafunzi wa chuo, akiniona napitia picha za zamani za ukuta. Akaniambia habari za Khartoum. Mwaka 2019 watu waliokesha mbele ya makao makuu ya jeshi walijaza kuta zote za pale michoro, wanawake wakichora, watoto wakichora, hadi kambi ilipovamiwa tarehe 3 Juni na watu wakauawa. Baadaye kuta zikapakwa chokaa. Kisha ikaja vita ya 2023, na Makumbusho ya Taifa ya Sudan yenyewe yakaporwa. "Sasa kaka," akasema, "wangekuwa wameipeleka michoro makumbusho, ingekuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Tulifika Witu tungali tumenyamaza.

Kutoka hapo barabara ni lami safi na hakuna la kusimulia.

Mokowe saa saba mchana. Boti ya abiria hadi Amu 150, mzigo hutozwi ukiupakata. Jua la kaskazi, maji yamejaa, na mji ulijitokeza kama siku zote, mweupe chini na makuti juu. Chumba Mkomani, shilingi 1,800 kwa usiku, bei ya rafiki wa rafiki. Nilikunywa maji ya ukwaju glasi mbili nikalala hadi alasiri. Ukuta sikwenda kuuona. Kusema kweli niliogopa.

Ijumaa 16 Januari: Ukuta

Baada ya sala ya Ijumaa mwashi alinichukua. Tulipinda kona ya duka la nazi na tafi akawa mbele yangu, au robo tatu yake. Mkia umeanguka. Moshi umepauka ukawa wa kijivu cha maji ya dobi. Watoto wameandika juu ya tumbo matokeo ya mpira, 3 kwa 1, na mtu ametundika msumari wa kamba ya nguo kwenye pezi. Neno MAKAA halisomeki. Juu yake kuna doa jeusi la oili chafu, lililomwagwa usiku mmoja wa 2018. Habari hiyo nilipata kwa simu wakati ule nikaikasirikia wiki nzima.

Jicho lilikuwa zima. Njano na nyeusi, kama jana.

"Ndoo (njoo), mwanangu," sauti ikaniita kutoka barazani. Bi mkubwa mwenye nyumba, buibui begani, kifimbo mkononi. Nikamshika mkono, nikamuamkia shikamoo. "Marahaba. Ndoo uangalie kazi yako."

Akanipeleka hadi ukutani, akagonga kwa kifimbo. Sauti ilikuwa tupu, kama kugonga mtungi. Akagonga tena chini, plasta ikamwagika unga.

Mwashi akanieleza taratibu, kwa huruma, jambo nililopaswa kulijua kabla ya kushika brashi. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta unanyonya maji kutoka ardhini, unayapandisha, na kupitia chokaa unayatoa nje. Chokaa inapumua. Sisi tulipiga andakoti, tukapiga rangi ya mafuta juu yake ili izuie mvua, tukajisifu kwamba itadumu. Maji yakakosa njia. Chumvi ikajikusanya nyuma ya rangi, ikaisukuma plasta kutoka kwenye jiwe. Miaka minane samaki wetu alikuwa akiila nyumba ya mjane huyu, na kwa ndani chumba chake cha kulala kinatoa jasho.

Nilikosa la kusema. Nikasema, bi mkubwa, nisamehe.

"Nilijua tangu mwaka wa tatu," akasema. "Lakini kesi ilikuwa haijesha. Nilisema nivumilie hadi iishe."

Alivumilia hadi Oktoba. Aliposikia hukumu ya Malindi kwenye redio, akamwita mwashi.

Nimezoea kusikia kwamba kinachoua michoro ya upinzani ni serikali na ndoo yake ya rangi nyeupe. Ni kweli, huua. Lakini hapa mwenye nyumba alikuwa ndiye aliyeulinda ukuta kuliko sisi tuliouchora, na alikuwa amelala kwenye unyevu kwa ajili yake.

Alitulisha mkate wa mofa na mchuzi wa kamba. Usije Amu ukaondoka hujala mofa ya moto, inauzwa jioni njia ya nyuma, shilingi 20.

Ujumbe kwa wachoraji wenzangu, kabla sijaendelea: mji wa kale wa Amu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001 na kuta zake si mbao za matangazo. Ukiruhusiwa na mwenye nyumba, chora kwa chokaa iliyotiwa rangi za udongo. Itapauka mapema. Iache ipauke.

Jumamosi 17 Januari: Ngome, kisha baraza

Mwashi alikuwa na wazo: tukate kipande tukipeleke ngomeni. Ngome ya Amu ilianza kujengwa mwaka 1813, ikamalizika 1821. Baadaye ikawa jela, hadi 1984, na sasa ni makumbusho. Nilimkuta ofisa wa zamu, dada mmoja mpole, akanisikiliza hadi mwisho. Akanitajia vinavyotakiwa: barua, ridhaa ya mwenye nyumba kwa maandishi, vipimo, picha za kabla na baada. Kisha akaniuliza swali ambalo limenifuata hadi leo. "Chini yake mtaandika nini?"

Nilikaa uani mwa ngome na daftari, chini ya kuta zilizofungia watu kwa miongo mingi, nikajaribu. "Tafi, rangi ya mafuta juu ya plasta, 2017." Hiyo ni risiti. Nikaandika juu ya Kwasasi na megawati na leseni. Ikawa ripoti. Nikaandika juu ya oili chafu, nikaikata, nikairudisha. Kama doa halitatajwa, basi kitakachotundikwa si ukuta ule. Na matokeo ya mpira? Na chumba cha bi mkubwa kinachotoa jasho, kitaandikwa wapi? Kurasa nne nilizijaza.

Jioni nilizipeleka barazani kwa maalim mmoja mstaafu aliyekuwa miongoni mwa wale 11. Kahawa tungu, kikombe shilingi 10, na haluwa. Nilimpa habari ya Bologna, Italia, ambayo nimeishikilia kwa miaka. Mwaka 2016 michoro ya mitaani ilibanduliwa kutoka kwenye kuta za majengo ya zamani ili iwekwe kwenye maonyesho ya kulipia. Mchoraji anayejiita Blu hakuulizwa. Akatoka na marafiki, wakabeba rangi ya kijivu, wakaifuta michoro yake yote mjini humo, kazi ya miaka ishirini. Mimi siku zote nimemuona shujaa.

Maalim akasikiliza, akageuza kikombe. "Na watu wa mtaa ule, waliulizwa na yeye?"

Hili nalo sikuwahi kulifikiria. Samaki wetu aliutazama mtaa kwa miaka minane. Watoto waliandika 3 kwa 1 juu yake kwa sababu alikuwa wao.

Kijana mmoja pale barazani akauliza kwa nini tusimchore upya, mpya kabisa, kwa chokaa safari hii. Nikamwambia wa Berlin walifanya hivyo. Kipande cha ukuta uliogawa mji, urefu wa kilomita 1.3, kilichorwa mwaka 1990, na 2009 wachoraji waliitwa waje kuzichora tena picha zilezile juu ya ukuta uliosafishwa. Baadhi yao walikataa. Watalii wanapiga picha mbele yake kila siku na rangi zinang'aa. Maalim akasema kilichochorwa 2017 kilichorwa na watu wenye hofu. "Yeo (leo) hatuna hofu ile. Tutachora samaki mzuri tu."

Nadhani alisema kweli. Kilio hakinakiliwi.

Ndipo bi mkubwa, aliyekuwa akisikiliza kutoka dirisha la juu, akaingilia. "Siwa nayo, lile baragumu kubwa, iko makumbusho. Zamani ilikuwa ikilia harusini, mtaa wote wasikia. Yeo iko kwenye kioo, haisemi neno. Wageni wasema nzuri, nzuri." Akanyamaza kidogo. "Lakini isingekuwa kule, ingalikuwa imeuzwa."

Nilirudi chumbani saa nne usiku. Niliamua kwamba kama makumbusho yataichukua, niandike ukurasa mzima chini yake, doa likiwemo na kosa letu likiwemo, na wasiokubali ukurasa huo wasipewe samaki. Bado nashikilia hivyo.

Jumapili 18 Januari: Patasi

Tulianza saa moja asubuhi kabla ukuta haujapata joto. Mwashi alipika uji wa unga wa ngano mzito, tukaupaka juu ya kichwa cha samaki, tukabandika bafta, tukapaka tena juu ya bafta, tukangoja ukauke. Nia ni kitambaa kiishike rangi isitawanyike wakati wa kukata. Watu wakajaa. Aliyeandika matokeo ya mpira alijitokeza, sasa ana ndevu, ni nahodha wa boti.

Saa tano mwashi akaanza kukata kwa patasi nyembamba. Tulitaka kichwa chote, sentimita 90 hivi. Upande wa kinywa ulifuata vizuri kwa shibiri mbili, kisha nikasikia sauti kama biskuti. Chumvi ilikuwa imeimaliza plasta kwa nyuma. Kinywa chote, na kipande cha moshi, vilimwagika miguuni petu vikawa mchanga wa rangi rangi. Watoto walicheka, mwanamke mmoja akawakemea. Mimi niligeuka nikatazama ukuta wa pili.

Mwashi hakunyanyua kichwa. Alisogea kwenye jicho, akakata duara, akaingiza kisu chembamba nyuma yake kidogo kidogo kwa muda wa saa nzima. Likatoka. Ukubwa wa sahani ya chakula, unene wa vidole viwili, zima.

Bahari ilikuwa bamvua, maji yalipanda hadi kwenye ngazi za bandarini. Mchana huo sehemu iliyobaki iliangushwa. Kufika alasiri ukuta ulikuwa mawe matupu, yanatoa harufu ya pwani. Tuliswali, tukala biriani iliyoletwa na jirani ambaye sikupata kumjua, tukabeba kifusi kwa punda, safari sita, 100 kila safari. Bi mkubwa hakukubali nilipe peke yangu.

Kipande kile cha jicho hakikufika ngomeni. Nilimuuliza bi mkubwa, akasema barua ya ridhaa ataiandika, hana kinyongo, lakini kwanza kikae kwake. Kwa muda gani? "Hadi ukuta ukauke." Mwashi anasema chokaa nene ya namna hiyo itachukua mwaka au zaidi.

Jumatatu 19 Januari: Kuondoka

Mabasi yanaondoka Mokowe mapema, kwa hiyo boti ya kwanza ndiyo yako. Niliamka saa kumi na nusu alfajiri na kupita Langoni kuaga, nikidhani nitabisha hodi na kwenda. Taa ilikuwa inawaka. Bi mkubwa alinikaribisha hadi chumba cha ndani chenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa ukutani. Bakuli za kichina za mama yake, chupa ya marashi, saa iliyosimama, na kwenye kidaka cha katikati, kimeegemezwa kwenye juzuu, jicho la tafi.

Alilitoa akaligeuza. Upande wa nyuma ni chokaa nyeupe, imekwaruzika.

"Andika majina yenu."

Penseli yangu haikushika. Akaenda akarudi na kijichupa cha wanja na kijiti chake. Nikaandika polepole, 11, maalim kwanza, mwisho mimi. Nikampa. Alisoma kwa kidole, akanirudishia.

"Na aliyemwaga oili."

Nikamtazama.

"Namjua. Yuaja hapa kunywa chai. Aliahidiwa kazi ya ulinzi kule Kwasasi, ana watoto. Mwandike naye."

Akanitajia jina, kwa sauti ya chini kwa sababu wajukuu walikuwa wamelala. Nikachovya kijiti, nikaandika la 12.